Kuchoma CD za muziki wa kwenye gari: niache 52x au nishushe spidi?

kipepe_tabata
Habari zenu wakuu. Nina gari used ya Japani, redio ni ile ile iliyokuja nayo, maandishi yote Kijapani, FM inaishia 90 na sehemu ya flashi haina, kwa hiyo nimebaki na CD tu. Nikanunua boksi la CD tupu zilizoandikwa 52x (yaani spidi mara 52 ya ile ya kupiga muziki kawaida), nachoma kwa laptopu ya zamani kwa Windows Media Player. Sasa shida, nyimbo za kwanza zinapiga safi kabisa ila ikifika kama ya kumi na tano kwenda mbele inaanza kuruka, inakwama, mara inarudi nyuma, na CD hiyo hiyo nikiirudisha kwenye laptopu inapiga mpaka mwisho bila tatizo. Jamaa wa steshenari ananiambia CD ya muziki lazima ichomwe 1x la sivyo besi inapotea. Ni kweli? Nyie mnatumia spidi gani? Na vipi nikichoma kama mp3 tu ili ziingie nyingi?

mzee_wa_taarab
1x au 2x, usidanganywe na mtu. Sisi Mombasa enzi hizo tulikuwa tunachoma taarab kwa 2x, unaweka CD unaenda kuswali unarudi ndio inamaliza, na hizo CD mpaka leo zinapiga. Vijana mna haraka.

fundi_lensi
Mkuu kipepe, nusu ya jibu iko kwenye swali lako. CD inaandikwa kutoka ndani kwenda nje, wimbo wa kwanza uko karibu na tundu la katikati, wa mwisho uko ukingoni. Na hiyo 52x kwenye boksi sio spidi ya CD nzima, draivu inaanza kule ndani na 20x na kitu, inapanda inapanda, 52x yenyewe inaikuta ukingoni tu, na hapo diski inazunguka kama mara 10,000 kwa dakika. Diski ikiwa imepinda hata kidogo au haina balansi inatetemeka, leza inakosa shabaha, alama zinatoka hovyo. Ndio maana za mwanzo safi, za mwisho majanga. Laptopu inapiga kwa sababu inasoma kwa nguvu na lensi bado ina macho, redio ya gari ya miaka hiyo lensi imechoka, imekula vumbi la barabara zetu, haina uvumilivu.

Hiyo stori ya 1x ilikuwa na maana miaka ya 90, draivu zenyewe zilikuwa 1x, 2x, 4x na kemikali ya ndani ya CD ilitengenezwa kuungua taratibu. CD za 52x zina kemikali inayoungua chap, leza ikizubaa sehemu moja alama zinaweza kutoka pana kuliko inavyotakiwa, na draivu nyingi za siku hizi hata hazijaandaliwa kwa spidi hiyo, ndio maana nyingine ukiomba 1x zinakataa. Mimi CD ya 52x nachoma 16x, ikigoma napanda 24x, chini ya 8x siendi. Dakika 80 za muziki kwa 16x ni dakika 5 na ushee, kwa 4x ni 20, halafu inaweza ikatoka mbaya zaidi, sasa hapo umepata nini.

Na besi haipotei bana. Mle ndani ni namba tu, 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. Kuna namba za ziada za kusahihisha makosa madogo, makosa yakizidi ndio redio inaanza kukisia, ikishindwa inaruka. Haiwezekani wimbo usomeke vizuri halafu besi peke yake ibaki njiani. Besi ikiwa haba angalia hizo mp3 umezitoa wapi, kama ni za kurushiana WhatsApp hata uchome kwa spidi gani ni zile zile.

mzee_wa_taarab
Sasa zangu za 2x zimedumu vipi?

fundi_lensi
Zimedumu kwa sababu diski zenyewe zilikuwa za 2x na 4x mzee wangu, na zilikuwa diski za maana. Spidi na diski vilikuwa vinaendana. Chukua diski ya leo uichome 2x halafu uipeleke kwenye redio mbovu, uje utuambie.

mama_dj254
Naongezea hapo kwa mp3. Angalia usoni mwa redio, kama hakuna pahali pameandikwa MP3 ama WMA basi hiyo inasoma CD ya muziki ya kawaida pekee, ukichoma mp3 itakuandikia error ama itatema. Kwa Windows Media Player chagua Audio CD, na utoshee dakika 80, basi. Pia usinunue CD-RW ukidhani utakuwa unafuta, hizo zinarudisha mwanga kidogo sana, redio nyingi za zamani hazizioni kabisa. Nunua CD-R, ile ya kuandikwa mara moja tu.

kipepe_tabata
Asanteni sana. Ila kwenye hii programu sioni namba yoyote, naona Fastest, Fast, Medium na Slow.

fundi_lensi
Ndio, ingia Options halafu Burn. Yenyewe imejiwekea Fastest, weka Medium. Ukitaka kuchagua namba kabisa tumia programu nyingine za kuchoma kama Nero au ImgBurn, itakuonyesha spidi ambazo draivu yako na diski hiyo zinakubaliana. Na wakati inachoma usifungue mavideo, iache ifanye kazi yake.

kipepe_tabata
Mrejesho: Medium imekubali, imepiga mpaka wimbo wa mwisho na nimepita nayo barabara ya vumbi yenye mashimo. Kitu kimoja tu, nina miksi ya DJ niliyokuwa nimeikata vipande, kila kipande kikiisha kuna ukimya kama sekunde mbili halafu ndio kinaingia kingine, inakera.

mama_dj254
Hapo hapo kwa Burn kuna kisanduku cha "Burn CD without gaps", kiweke tiki. Kwa Nero chagua Disc-at-once (inachoma CD nzima kwa mkupuo), sio Track-at-once (wimbo mmoja mmoja). Halafu usibandike stika juu ya CD, inaharibu balansi na kwa joto la gari inaanza kubanduka ndani ya redio, utaitoa na bisibisi. Andika na maka penu ya CD, sio bolpeni, kwa sababu huo upande wa juu ndio muziki ulipo, umefunikwa na vanishi nyembamba tu, ukikwaruza hapo hakuna wa kukusaidia. Na usiziache kwa dashibodi juani.