Binti yangu anasikiliza nyimbo za mapenzi na kifo, naombeni ushauri

Mama_Espoo
Wapendwa, habari za jioni. Tunaishi Finland, na binti yangu mkubwa yuko darasa la tisa. Tangu baridi ianze hasikilizi kingine ila bendi ya hapahapa Helsinki iitwayo HIM. Wimbo anaourudia ni "Join Me in Death". Nimeyasoma maneno yake: mtu anamwomba mpenzi wake wafe pamoja usiku huohuo, maana dunia hii haiwafai. Halafu kwenye daftari lake la hisabati nimekuta kachora moyo uliounganishwa na nyota ya pembe tano, ukurasa baada ya ukurasa. Usingizi umenipaa. Baba yake anasema ni ujana, nimwache. Nimnyang'anye simu? Wanaoujua muziki huu, nielezeni maana yake. Na mnaolea vijana ugenini, ingekuwa nyie mngefanyaje?

Mtumishi77
Dada, HIM ni kifupi cha His Infernal Majesty, yaani mtukufu wa kuzimu. Albamu yao ya kwanza ina 666 kwenye jina. Unangoja nini tena? Futa zote, na fungeni na kuomba kama familia.

Kinanda_cha_Usiku
Shikamoo mama. Metali ya gothiki, yaani roki nzito yenye huzuni, nimeisikiliza tangu nikiwa sekondari na naipenda sana, kwa hiyo nitaeleza kirefu.

Mtumishi yuko sahihi kuhusu jina na hiyo 666. Lakini jina kamili la albamu hiyo ya 1997 ni Greatest Lovesongs Vol. 666: nyimbo za mapenzi. Alama aliyochora binti inaitwa heartagramu, na aliibuni mwimbaji wao, Ville Valo. Mashabiki huivaa kama sisi tunavyovaa jezi ya timu.

Wimbo wenyewe ulitoka 1999 ukashika namba moja Finland na Ujerumani. Valo ameeleza kwamba aliutoa kwenye kisa cha Romeo na Juliet. Ila kuna tofauti kubwa. Kwa Shakespeare tunaona chuki ya koo mbili, tunaona barua isiyofika kwa wakati, na tunaona wazazi wakisimama juu ya maiti za watoto wao. Wimbo umeyaondoa hayo yote, ukabakiza sauti moja inayosema "njoo". Msikilizaji mwenye furaha husikia mtu aliyependa kupita kiasi. Aliyeumia anaweza kusikia anaitwa yeye. Ndiyo maana siwezi kukuambia "ni muziki tu".

Albamu hiyohiyo ya 1997 ina "(Don't Fear) The Reaper", yaani "usimwogope mleta mauti", wimbo wa bendi ya Blue Öyster Cult wa 1976. Nao wengi waliudhania unahimiza watu wajiue. Mtunzi wake, Buck Dharma, amekanusha miaka yote: alikuwa akiwaza kama mapenzi yanaweza kuendelea baada ya mmoja kufa.

Na sehemu kubwa ya muziki huu ni msiba mtupu. Bendi ya Type O Negative ya Brooklyn, New York, ina wimbo "Red Water (Christmas Mourning)", wa 1996. Mwaka jana mezani walikuwa kumi na mmoja, Krismasi hii wameandaliwa saba. Basi. Hakuna shetani humo, kuna viti vinne visivyo na watu. Mwimbaji wao, Peter Steele, aliuandika akiwa amefiwa na baba yake.

Nesi_Mwanaidi
Mama, simu mwachie. Ukimnyang'anya ataendelea kusikiliza kwa siri, nawe utakuwa umepoteza njia ya kujua. Muulize waziwazi: "Unawaza kufa? Unawaza kujidhuru?" Kumuuliza hakumwekei wazo hilo kichwani, mara nyingi kijana huona afadhali kwamba kuna mtu amethubutu kulitaja. Mwangalie usingizi, chakula, kujitenga na marafiki, kugawa vitu anavyovipenda. Shule za Finland zina muuguzi na mwanasaikolojia, wapigie kesho. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake, na tafuta msaada usiku huohuo.

Mtumishi77
Kwa hilo la kumuuliza nakuunga mkono, nesi. Maombi nayo yaendelee.

Mama_Espoo
Nimerudi. Nilimuuliza jana, neno kwa neno kama nesi alivyoandika. Amesema hapana, hataki kufa. Nikamwambia kuhusu ule wimbo wa Krismasi, kumbe anaujua, akaniwekea tuusikilize wote. Mama yangu alifariki Tanga mwezi wa sita na hatukuweza kwenda kuzika. Binti anasema shuleni hana wa kuzungumza naye habari za bibi, na mimi akinitazama anaogopa nitalia. Tumelia wote. Alhamisi ana miadi na mwanasaikolojia wa shule, ameniomba nimsindikize. Sasa ameniambia nichague albamu tuisikilize pamoja wikendi. Kinanda, nianze na ipi?

Kinanda_cha_Usiku
Poleni sana kwa msiba, mama. Anzeni na October Rust ya Type O Negative, wimbo wa Krismasi umo humo. Ina nyimbo chache za kikubwa, hizo zirukeni. Bloody Kisses yao ya 1993 iacheni kwanza.

Nesi_Mwanaidi
Poleni sana. Na hata kama amesema hapana, baada ya wiki mbili muulize tena.