Tupeane uzoefu: ndege adimu uliyemwona kwa macho yako

Nyanda wa Igoma: Wakuu, habari za majukumu. Nchi yetu ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na baadhi hawapatikani kwingine kokote duniani, hasa wale wa milimani. Wewe umemwona yupi, na wapi?

Naanza mimi. Nimekulia hapa Mwanza na mwewe na mnandi. Nilipopelekwa Iringa kikazi, wenyeji wakanipandisha msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Tulikaa kimya mpaka tukasikia majani makavu yakichakurwa. Wakapita kwale wawili, uso wa rangi ya kutu, mdomo mwekundu, wakazama kichakani. Ni kwale wa Udzungwa hao! Watafiti walimgundua mwaka 1991 baada ya kuona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria kambini. Na ndugu zake wa karibu wako misitu ya Asia. Hadi leo nikiwaza hilo mwili unanisisimka.

Mama Ngosha: Mwanangu, huku Magu korongo taji walikuwa wanashuka kwenye majaruba ya mpunga wawili wawili, wanacheza mabawa wazi. Siku hizi ni wa kuhesabu. Vifaranga wanakamatwa wakauzwe, na mabwawa wanakotagia yanalimwa. Inaniuma sana.

Mvuvi Kayenze: Mimi ni furukombe tu. Akilia alfajiri kichwa amekirudisha nyuma, ziwa zima linaitika.

Kijana wa Musoma: Shikamoo mama. Nendeni kinamasi cha Masirori, Mto Mara unapoingia ziwani. Kuna tiva wa mafunjo: mgongo mweusi, kifua chekundu cha kuwaka, utosi wa manjano. Dume na jike wanapokezana wimbo haraka mno, utadhani ni mmoja. Huyu haishi nje ya mafunjo. Tunapoyachoma ili tulime, hana pa kuhamia, na mafunjo hayohayo ndiyo yanayochuja tope lisiingie ziwani.

Nyanda wa Igoma: Mama, shikamoo, na pole kwa hilo la korongo. Musoma, nikija nitampata saa ngapi?

Kijana wa Musoma: Asubuhi na mapema, kaka, kabla upepo haujaanza. Ukianza anashuka chini kwenye mashina, unabaki kusikia sauti tu. Mtumbwi tutakodi kwa wavuvi.