Kijana akitishiwa mtandaoni kuvujishiwa picha za utupu: tupeane uzoefu

MamdogoT: Wadau habari za usiku. Leo mchana nilikuwa na binti wa dada yangu, ana miaka 15, kila simu ikitetemeka anaigeuza kifudifudi mezani halafu anafuta viganja kwenye sketi. Nimekumbuka mbali sana, maana na mimi niliwahi kuigeuza simu hivyohivyo, kuna mtu alikuwa ananitishia atavujisha picha zangu na sikumwambia mtu. Waliopitia haya au waliomsaidia kijana, tupeane uzoefu.

Mama Wawili: Umenitonesha kidonda. Wangu ni wa kiume, alikuwa na miaka 16, na nasema wa kiume makusudi maana watu wanadhani ni mabinti tu wakati hawa wadai hela wanawasaka sana wavulana. Akaunti ina sura ya msichana, wamechati siku mbili, wakatumiana picha, haikupita nusu saa anatumiwa skrinishoti ya orodha ya marafiki zake, darasa zima wamo na shangazi zake wamo, lipa au wote wanaiona leo. Akalipa akiba yake yote. Wakataka tena. Mimi nimekuja kushtuka saa tisa usiku nasikia maji yanamwagika bafuni muda mrefu, nafungua namkuta amekaa sakafuni na nguo zake, simu mkononi, kafungulia bomba tusisikie anavyolia. Na neno la kwanza lililonitoka mimi mama yake ni "ulikuwa unafikiria nini wewe?" Akafunga mdomo. Ikabidi nikae palepale kwenye maji nimwambie mwanangu, mkosaji ni huyo anayekutisha, mimi nipo. Ndipo akasema "mama nilikuwa sioni kesho". Wiki mbili nimelala naye chumba kimoja, sikumwacha peke yake.

kaka_wa_kati: Hiyo ya kufungulia maji... mimi pia. Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Mzee Msimamo: Poleni, lakini watoto tunawadekeza. Mnyang'anye simu, akikua atanunua yake.

Nuru22: Shikamoo mzee wangu, lakini hapana. Mimi nilinyang'anywa. Tena picha yenyewe sikupiga, wavulana wa darasani walichukua picha yangu ya kawaida wakaivua nguo kwa akili mnemba. Simu ikachukuliwa, wao wakaendelea kuisambaza, mimi ndiye sijui kinachosemwa, na mwalimu ananiuliza kwa nini niliposti uso wangu. Yaliponipata mara ya pili nilikaa kimya mwaka mzima.

Mzee Msimamo: Marahaba binti. Hiyo ya mwaka mzima imeniuma. Ila usiku nimelala nani anamlinda?

Nuru22: Kama anajua anaweza kukuamsha, amelindwa.

Tajiri wa Roho: Mimi nilimlipa jamaa akapotea. Lipeni yaishe.

Mama Wawili: Ndugu yangu usiwashauri watu hivyo!! Wetu alichojifunza baada ya kulipwa ni kwamba tunalipa.

Tajiri wa Roho: Nimesema yangu, sijamlazimisha mtu.

fundi_simu: Tulieni, kuna kazi ya kufanya hapa. Kwanza msifute chati kwa hasira, nimeletewa simu nyingi ushahidi wote umeshafutwa. Pigeni skrinishoti za vitisho, jina la akaunti, tarehe, namba anayotaka atumiwe hela, kisha msimjibu tena, ripotini akaunti, blokini, mwende polisi. Ila picha ya mtoto yenyewe msiirushe kwa ndugu eti ushahidi, mtakuwa mnaisambaza nyie. Pili kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ilitangazwa 2023, ni kwa picha zilizopigwa mtu hajafika miaka 18. Haichukui picha, inaisoma humohumo kwenye simu yako na kuitengenezea alama kama ya kidole, alama ndiyo inapelekwa kwa mitandao iliyojiunga ili ikionekana huko iondolewe. Waliopigwa wakiwa wameshavuka 18 wana huduma kama hiyo inaitwa StopNCII, ya 2021. Mtandao usiojiunga haiugusi, wala meseji zilizofungwa kwa siri kati ya watu wawili, lakini bora hiyo kuliko kukaa unasubiri.

kaka_wa_kati: Picha yangu ni ya zamani, nilikuwa na miaka 14 na sasa ni mtu mzima. Bado inafaa?

fundi_simu: Inafaa, wanaangalia umri wako siku ilipopigwa. Na hutaji jina. Ila lazima picha iwe kwenye kifaa chako.

kaka_wa_kati: Ninayo. Sikuifuta nikiogopa kuja kuihitaji. Asante sana.

MamdogoT: Wadau nimetoka chumbani kwake sasa hivi. Nimemwambia hata kama uliituma mwenyewe sina hasira na wewe. Kakaa kimya, halafu kaniambia "mamdogo, niahidi hutamwambia mama". Nimeaga kama naenda kunywa maji. Nimwahidi?

Nuru22: Usimwahidi, akigundua umevunja hatasema tena kwa mtu mwingine yeyote. Mwambie hutafanya chochote kabla hujamwambia yeye kwanza, na siku ya kumwambia mama mtakuwa pamoja.

Mama Wawili: Na rudi haraka mdogo wangu, asikae anahesabu dakika.