Naomba ushauri: mama ana ugonjwa sugu wa mapafu, afanye mazoezi au apumzike?

Habari wakuu. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Makambako. Sigara hajawahi kugusa, ila amepika pombe kwa kuni zaidi ya miaka 30, na daktari anasema moshi huo ndio ulioharibu njia za hewa. Dawa ya kupuliza anayo.

Mwezi uliopita hospitalini walimpima kwa kumtembeza dakika 6 kwenye korido. Alifika mita 210, akisimama mara mbili. Watu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) wakamwambia atembee na kunyanyua chupa za maji mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Eti mapafu hayatarudi kama zamani, lakini misuli ya miguu ikikomaa haitadai hewa nyingi kwa kazi ileile.

Dada zangu wamekuja juu: mgonjwa hupumzishwa! Mimi naona kukaa kitako ndiko kumemmaliza. Siku hizi hata kufika bombani ni shida.

Waliouguza mgonjwa wa namna hii, mlijuaje kwamba sasa imetosha, asimame? Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinafaa kununua? Na kwa baridi ya huku, atembee asubuhi au nisubiri jua lichomoze?