Wa kangomba anapaua bati, mama yangu analala njaa. Kwa nini?

Swali (Tandahimba):
Assalaam alaykum. Mama yangu ni mjane, hajawahi kula cha mtu. Msimu huu ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, umempiga vibaya: maua ya mikorosho yamegeuka meupe, ukiyashika yanapukutika. Jirani anayenunua kangomba, yaani korosho za magendo, kwa wenye shida, na kipimo chake cha wizi, anapaua nyumba. Mama bado anaamka usiku kuswali. Mimi hata kuitikia dua yake nashindwa. Mola anaona?

Jibu 1:
Waalaykum salaam, mdogo wangu. Anaona. Nabii Ayubu hakuteseka kwa kosa. Suratul Anbiyaa aya ya 83 yeye mwenyewe anamlilia Mola kwamba dhara limemgusa. Kumlilia si kukufuru. Lia, ila usiache kuitikia.

Jibu 2 (Masasi):
Mimi Mkristo, lakini naungana nawe. Asafu, Zaburi ya 73, aliwaonea wivu waovu hadi akaona ameusafisha moyo wake bure. Alipoingia patakatifu ndipo akauona mwisho wao. Na huyo jirani msimwite mbarikiwa, ile ni dhuluma.

Jibu 3:
Mpe mama shikamoo yangu. Msimu ujao salfa, dawa ya huo ubwiri, ipulizwe mapema, alfajiri majani yakiwa na umande. Mashine ninayo, nitakuja mwenyewe.