Mrejesho: nimechukua Beryl AX

Wakuu, niliomba ushauri wa ruta ndogo ya safari inayokubali OpenWrt (mfumo huria wa kuendesha ruta), kati ya Mango na Beryl AX, zote za GL.iNet. Nimechukua Beryl AX (GL-MT3000). Mango ni bei poa, ila hifadhi yake ni MB 16 tu, ukiongeza vijiprogramu viwili vitatu imejaa. Hii ina MB 256, na RAM ya MB 512.

Inatumia USB-C, volti 5 ampea 3, hivyo chaja za kichovu haziiwezi.

Gesti ninayofikia Dodoma ina Wi-Fi yenye ule ukurasa wa kuingiza paswedi kwanza, kila kifaa kivyake. Sasa naingia kupitia ruta, simu na laptopu zinafuata. WireGuard (VPN, njia ya siri ya kupitishia intaneti) naiwasha kwa swichi ya ubavuni, lakini baada ya kuingia kwenye ukurasa huo. Ukitangulia kuiwasha, ukurasa unaweza usifunguke kabisa. OpenWrt tupu sijaiweka, programu ya kiwandani iliyojengwa juu yake inanitosha, na LuCI (kurasa za mipangilio za OpenWrt) imo.