Sailensa za ncha ya ekzosi kwenye boti ya V8 yenye supachaja: zitaibana injini?

boti_naivasha
Wadau, naomba ushauri wa kitaalamu. Boti ya futi 26 iko Naivasha, injini moja ya MerCruiser V8 ya lita 8.1 iliyofungwa supachaja (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) ya skrubu pacha. Busti, yaani shinikizo la hewa hiyo, ni psi 6 kwa mizunguko 4,800 kwa dakika. Heda (mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda) ni za stenlesi, maji ya kupoza yanaingia kwenye mabomba baada ya heda, kisha mabomba mawili ya inchi 4 yanatokea tezini, nyuma ya boti, yakiwa wazi kabisa. Hoteli za kando ya ziwa zinalalamikia kelele, na wana haki. Nafikiria zile ncha zenye sailensa ndani zinazofungwa kwa boliti upande wa nje wa tezi. Zitakula nguvu kiasi gani? Na je, supachaja inaleta hatari ambayo injini ya kawaida haina? Desemba boti inateremshwa Kilifi, kwa hiyo nataka kitu kitakachofaa huko pia.

Fundi_LungaLunga
Mkuu, hilo la nguvu halijibiwi na katalogi, linajibiwa na geji. Ekzosi ikibanwa, gesi iliyoungua haitoki yote. Inabaki kwenye silinda ikiwa na moto wake, inachanganyika na hewa mpya, na injini inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Injini ya kawaida itapoteza mwendo kidogo tu. Yenye supachaja inaweza kuchoma vali za ekzosi au kupasua pistoni, kwa sababu tayari inafanya kazi karibu na ukingo.

Angalia hesabu yenyewe. Mgandamizo wa nyuma, yaani shinikizo la moshi uliokosa njia ya kutoka, hupanda kwa mraba wa kiasi cha gesi kinachopita. Naivasha hewa yenyewe ina takriban psi 11.7 tu, kwa hiyo ukiongeza psi 6, na ukitoa kile kinachopotea hewa ikipata moto kwa kubanwa, injini inapitisha kama mara 1.4 ya hewa ambayo ingevuta bila supachaja. 1.4 mara 1.4 ni karibu 2. Sailensa inayoleta psi 1 kwa injini ya kawaida itakaribia psi 2 kwa yako. Kikomo ninachoshikilia kwa injini ya namna hii ni psi 1.5 throtili ikiwa imefunguliwa yote.

Kabla ya kulipa, pima tundu la ndani la sailensa kwa kalipa, usiishie kwenye mdomo. Bomba la inchi 4 lina eneo la inchi mraba 12.6. Nyingi zimewekwa kiini cha inchi 3, ambacho ni 7.1 tu.

Na usidanganywe na geji ya busti. Ikipanda baada ya kufunga sailensa, kwa mizunguko ileile, hujaongeza nguvu. Supachaja ya skrubu husukuma kiasi kilekile cha hewa kila mzunguko. Hewa ikikosa njia, shinikizo linapanda. Kompyuta ikiliona shinikizo hilo inaongeza petroli, na plagi zinakuwa nyeusi.

JuaKali_Kamukunji
Ikibana, toboa matundu zaidi kwenye kizuizi cha ndani mpaka geji ishuke. Kazi ya nusu saa.

Fundi_LungaLunga
Hapana, ndugu yangu. Kizuizi hicho kinatikiswa muda wote na kila tundu lisilolainishwa ni mwanzo wa ufa. Kipande kikikatika kinalala kwenye bomba upande mmoja, na silinda nne zinafanya kazi na mgandamizo tofauti na zile nyingine. Kelele nayo inarudi. Ni afadhali kununua za inchi 5 zenye kiini cha inchi 4. Lakini tundu la tezi litahitaji kupanuliwa, na ubao ulio ndani ya fiberglasi ni lazima upakwe epoksi kwenye ukingo wote kabla ya kufunga. Maji yakiingia kwenye ubao huo, tezi inaoza kutoka ndani na hutaiona.

boti_naivasha
Asante sana. Geji naiweka wapi? Heda zina matundu ya sensa ya oksijeni, yamezibwa. Kamshafti, ile shafti inayofungua vali, ilibadilishwa, ni kali kuliko ya kiwandani.

Fundi_LungaLunga
Hayo matundu ndiyo mahali penyewe, mradi yako kabla ya maji kuingia. Ukipima baada ya maji, usomaji hauna maana. Kwa kawaida uzi wake ni M18 x 1.5, fundi yeyote wa kukereza vyuma pale Industrial Area atakutengenezea kiunganishi. Kutoka hapo weka bomba la shaba la sentimita 50 hivi ili joto lipungue, ndipo uunge mpira na geji ya psi 0 hadi 5. Pima kwanza bila sailensa, uandike kila mizunguko 500, kisha urudie ukiwa umezifunga. Pima pande zote mbili.

tezi_na_omo
Hiyo kamshafti ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko psi. Kamshafti kali huacha vali za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu. Injini ikizunguka polepole, mapigo ya gesi hurudi nyuma na kuvuta maji ya ekzosi hadi kwenye silinda. Sailensa inayoshikilia maji karibu na mdomo huongeza uwezekano huo. Baada ya kuzifunga, iache injini izunguke polepole dakika 20, izime, toa plagi na uingize kamera ndogo. Ukiona unyevu au kutu kwenye vali za ekzosi, simama hapohapo. Mteremko wa bomba kuelekea nje usipungue sentimita 4 kwa kila mita.

Kuhusu Kilifi: Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Ukishuka pwani hewa ni nzito zaidi, na mgandamizo wa nyuma utapanda kwa takriban robo. Usomaji wa 1.2 ziwani utakuwa 1.5 baharini, kwa hiyo kikomo chako cha Naivasha ni 1.2. Busti nayo itapanda yenyewe kutoka 6 hadi karibu 7.5 kwa puli ileile. Hiyo ni hewa ya pwani, sailensa haihusiki. Fundi akague muwasho na mchanganyiko wa petroli kabla hujafungua yote.

Mimi ningefikiria zaidi mfumo wa vali ya kugeuza, kama Captain's Call ya Corsa. Karibu na hoteli moshi unapitia chini ya maji, ukifika katikati unafungua mabomba wazi. Usiifunge vali hiyo wakati injini iko kwenye mizunguko ya juu.

boti_naivasha
Na zile ndimi za mpira ndani ya ncha, nizitoe?

tezi_na_omo
Ziache. Ukipunguza mwendo ghafla, wimbi lako mwenyewe hukupanda tezini, na ndimi ndizo zinazolizuia lisiingie ekzosi. Ila impela ya pampu ya maji ya kupoza ikifa, zinaungua kabla ya kitu kingine, na kipande kinaziba kiini cha sailensa. Zikague kila ukibadilisha impela. Mpira wa ekzosi uwe wa kiwango cha SAE J2006, klampu mbili kila mwisho. Kwa Kilifi chagua stenlesi ya 316, na suuza ncha kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi, kwa sababu chumvi hukaa nyuma ya kizuizi.

Abiria wasikae kwenye jukwaa la kuogelea injini ikiwaka. Sailensa hupunguza sauti, haipunguzi hewa ya kaboni monoksidi, na sasa watu hawatakuwa na kelele ya kuwafukuza pale.